Kusindikizwa kwa Mpima

Mpima alikuwa hawezi kuketi katika chumba cha mtu bila kwanza kukadiria upana wake. Aliingia, akasalimu, akapokea kiti, na kabla hajakiegemea macho yake yalikuwa yameshatembea kutoka pembe moja hadi nyingine. Mara ya kwanza alipofika nyumbani kwetu Nyasho, mjini Musoma, Jumapili ya kwanza ya Februari mwaka 1980, alimwambia mume wangu kwamba ukuta wetu wa upande wa jikoni umepinda. Mume wangu alikuwa bwana samaki, na nyumba ile aliisimamia mwenyewe tangu msingi hadi bati. Alikana. Mpima akatoa timazi mfukoni, kama mtu mwingine anavyotoa leso, akaining'iniza ukutani. Ukuta ulikuwa umepinda. Alipoona mwenyeji wake amenuna, akaikunja timazi yake taratibu na kusema, "Lakini umepinda kwa nje, bwana. Ndani mnaishi vizuri."

Urafiki wao ulianzia hapo.

Tulimwita Mpima kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yake serikalini: kupima viwanja na mashamba na kuchimbia bikoni, zile alama za mipaka, ambazo watu walizing'oa akishaondoka. Nami nitamwita hivyo hivyo. Jina lake la ubatizo wanalo watoto wake, na wanalitunza vizuri.

Alikuwa na meza. Kwa kweli ulikuwa mlango wa mninga ambao fundi aliukata mfupi kuliko fremu, naye akauchukua, akaulaza juu ya madebe manne katika sebule yake, mtaa wa Iringo. Alirudi kutoka vita vya Kagera mwishoni mwa mwaka 1979, na miezi ile ya kwanza, mkewe aliniambia, alikuwa akiketi mbele ya mlango ule na makopo ya rangi, akichora. Alichora ziwa upande mmoja, vilima upande wa pili, katikati mto wenye daraja moja. Nchi hiyo haipo popote, ingawa mtu wa Mara asingeshindwa kuutambua mto. Juu yake alipanga majeshi mawili: vizibo vya soda na vizibo vya bia. Kiberiti kitupu kilikuwa lori. Dadu aliichonga kwa mfupa wa ng'ombe. Kizibo kilisogea fundo moja la kamba kwa zamu, lori mafundo mawili, na kamba yenyewe ilikuwa ya katani, aliyoisokota na kuifunga mafundo kwa mkono wake, ikitundikwa kwenye msumari karibu na dirisha. Aliyelivuka daraja na kulishikilia ndiye aliyeshinda.

Wachezaji walikuwa watatu: yeye, mume wangu, na rafiki yao mmoja, karani wa kiwanda cha kuchambulia pamba Bunda, aliyekuja Musoma kila Jumamosi akisema amekuja kununua samaki.

Mezani pale palikuwa na sheria ambazo sijaziona mahali pengine. Mtu hakuruhusiwa kusema "nimekuua". Kizibo kilichoshindwa kiliambiwa "pumzika", kikawekwa katika bakuli. Bakuli lilikuwa moja tu. Karani alilihoji jambo hilo siku moja nikiwa nawapelekea chai.

"Mpima, mbona unawachanganya? Hawa si maadui?"

"Walikuwa," alisema Mpima, na akarusha dadu.

Hakuwahi kutueleza aliyoyaona vitani, na kwa kuwa alijibu hivyo, hatukumwuliza.

Sheria iliyojulikana mtaa mzima ni ile ya kusindikiza. Mchezo ukiisha, mshindi alimsindikiza aliyeshindwa hadi mlangoni kwake. Si hadi nusu ya njia, kama tunavyowasindikiza wageni wengine, hadi mlangoni. Njiani ilikuwa marufuku kuutaja mchezo, na aliyeshindwa ndiye aliyechagua mazungumzo. Wakifika, aliyeshindwa alisema, "Umenifikisha." Mshindi akajibu, "Jumamosi." Basi. Mume wangu aliporudi nyumbani peke yake nilijua ameshinda na ameshamfikisha mwenzake. Niliposikia sauti mbili nje, nilijua ameshindwa, nami niliongeza kikombe.

Nilimwuliza Mpima sababu ya desturi hiyo. Alisema, "Mezani sina ndugu, shemeji. Ndugu zangu wanaanzia mlangoni. Sasa mtu akitoka hapa peke yake na hasira yake, nani atamfikisha kwa ndugu zake?"

Maneno hayo ni mazuri, na aliyeyasema aliyaamini. Lakini sitamtendea haki nisiposema kwamba katika watu wote niliowafahamu hakuna aliyekuwa mgumu wa kushindwa kama yeye. Alikuwa akilaza shavu mezani, jicho moja limefumbwa, ili ahakikishe kizibo cha mwenzake hakijavuka rangi ya mto. Alibishania unene wa njiti. Dadu ikimwangukia vibaya, aliikagua kama inayodaiwa ushahidi.

"Unashindwaga kama watu wengine," Karani alimwambia. "Kubali tu, twende."

"Sijashindwa. Dadu imeegemea ukingo."

"Imeegemea wapi? Imelala kama ng'ombe aliyeshiba."

"Irushwe tena."

"Na kwenye mashamba ya watu unarushaga tena?"

"Kwenye mashamba sirushi. Napima."

Hata hivyo, akishaishiwa hoja, aliinuka, akavaa kofia yake na kukubali kusindikizwa. Mume wangu alinisimulia kwamba Mpima aliyeshindwa alitembea kimya hadi karibu na soko, akipumua kwa pua, halafu ghafla alimwulizia mtoto wetu, "Nyangeta anaendeleaje na hesabu?" Hapo ungejua amefika kwa ndugu zake.

Huyu ambaye hakukubali kumwachia rafiki yake upana wa njiti mezani hakuwa na choyo cha kitu kingine chochote. Miaka ile ya foleni, 1982 na 1983, sabuni ilipokuwa ikitafutwa kama dawa, alipata mche mmoja akiwa safarini kikazi. Aliuleta nyumbani kwetu, akauweka juu ya meza, akaupima kwa rula na kuukata vipande vitatu vilivyolingana kabisa. Kisha akatusogezea viwili, kwa kuwa sisi tulikuwa na watoto wengi kuliko yeye. Nilimwuliza kwa nini alijitaabisha kuvilinganisha ikiwa alikusudia kutupa viwili. Alishangaa. "Ili mjue ni viwili, shemeji."

Miaka hiyo hiyo soda na bia ziliadimika madukani, na vizibo vilivyopotea havikupata wa kuvirithi. Majeshi yakaongezewa punje: mahindi upande wa soda, maharage upande wa bia. Mwaka 1984, mvua zilipokosekana, mkewe aliyapika majeshi yote mawili. Mpima alitoka kazini akakuta nchi yake haina mtu na sufuria inachemka. Aliketi akala. Alipomaliza akauliza, "Nani alikuwa anashinda?"

"Mimi," mkewe akajibu.

Sheria ilikuwa sheria. Mkewe alimshika mkono akamsindikiza hadi kwenye kiti chake cha uani, naye akasema, "Umenifikisha."

Mimi mwenyewe nilicheza naye mara moja tu. Niliingia darasa la watu wazima mwaka 1974 nikiwa na watoto watatu, na sikuacha hadi nilipoufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, Novemba 1985. Somo lililonitisha lilikuwa jiografia. Mpima alilisikia hilo, akaja Jumamosi moja ya Agosti na mlango wake, ameubebesha mkokoteni, akaulaza kwenye meza yangu ya chakula. "Ramani haisomwi, shemeji," alisema. "Inatembewa. Chagua jeshi."

Nilichagua soda. Nilidhani atanionea huruma, maana nilikuwa mwanamke, tena mwanafunzi, tena nilikuwa nimemwandalia sato. Hakunionea huruma hata kidogo. Alinizuia kilimani, akanizunguka kando ya ziwa, akavipumzisha vizibo vyangu kimoja kimoja, huku akinieleza kila kosa na jina lake: huu ni mteremko, hapa ungeona bonde, pale ungehesabu umbali kabla ya kusogea. Nilipoinua macho alikuwa akitokwa na jasho. Nikafahamu kwamba mtu huyu ananichezea kama anavyowachezea wanaume wenzake, na nikajiona nimeheshimiwa kuliko siku nilipopewa cheti.

Mchezo ulipoisha akasimama, akavaa kofia. Nilikuwa nyumbani kwangu, nisindikizwe wapi? Alifikiri kidogo, kisha akanisindikiza kutoka mezani hadi mlango wa jiko. Nilisema, "Umenifikisha." Akajibu, "Jumamosi," akaenda zake. Somo la jiografia nililifaulu.

Baadaye bidhaa zilirudi. Maduka yaliyokuwa matupu yakajaa vitu vya kila rangi, na mwaka 1987 Karani alikuja kutoka Bunda na pakiti ya askari wa plastiki, wa kijani, kila mmoja na bunduki yake. Aliwapanga mezani kwa majivuno na kutangaza kwamba askari mmoja wa aina ile ahesabiwe kuwa vizibo viwili.

"Kwa nini?" Mpima akauliza.

"Wewe huwaoni? Hawa wametoka ng'ambo."

"Bei ya dukani haitembei kwenye meza yangu. Kila mmoja fundo moja."

Karani alishindwa siku ile pamoja na askari wake wote. Mpima alimsindikiza stendi hadi mlango wa basi la Bunda, amembebea pakiti.

Sasa nifike mahali ambapo ningependa kupita haraka, lakini picha ya mtu huyu haikamiliki bila hapo. Jumamosi tarehe 16 Aprili 1988 mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Mume wangu na Mpima walikuwa wakiumalizia mchezo ulioanza wiki mbili nyuma, mrefu kuliko yote waliyowahi kucheza. Mimi nilikuwa na mke wa Mpima jikoni, mlango umefunguliwa, tunawaona. Mume wangu alibakiwa na lori moja. Lilihitaji mafundo mawili kufika darajani, na likifika mchezo umekwisha. Mpima aliichukua kamba msumarini, akainyoosha. Lori likapungukiwa na unene wa njiti.

Mume wangu aliigusa kamba. "Imelowa," alisema. "Bati lako linavuja hapo dirishani. Katani ikilowa inajivuta, inafupika. Pima kwa rula."

"Kamba ndiyo sheria."

"Kamba kavu ndiyo sheria."

"Bwana Samaki, unasema kipimo changu ni cha uongo?"

"Nasema kimelowa."

"Mimi nimewapimia watu mashamba wilaya nzima. Hakuna aliyewahi kuniambia neno hilo."

"Basi pima kwa rula, uniaibishe."

Hakupima. Aliikunja ile kamba na kuitia mfukoni. Halafu likatokea jambo ambalo lingeweza kutokea kwa wanaume hawa tu. Wote wawili waliinuka kwa wakati mmoja na kuvaa kofia zao, maana kila mmoja alikuwa mshindi, na mshindi sharti amsindikize aliyeshindwa.

Walitoka pamoja, Karani akiwafuata. Mimi niliwahi nyumbani kwa njia ya mkato. Walipofika Nyasho, mume wangu alikataa kuingia ndani. Angeugusa mlango, angekuwa amefikishwa. Aligeuka akasema, "Haya, sasa nakusindikiza wewe," wakarudi Iringo. Kule Mpima naye alikataa kuingia. Wakaja tena Nyasho. Karani alichoka, akaketi barazani kwangu na kukamua maji kwenye kofia.

"Shemeji, hao watu wako wamegeuka timazi," alisema. "Huku na huku, na hawasimami."

"Wanaongea nini njiani?"

"Hakuna. Aliyeshindwa ndiye anachagua mazungumzo, na hakuna aliyeshindwa."

Walisimama hatimaye kwenye njia panda ya kwenda sokoni, mvua ikiwapiga, kila mmoja akimsubiri mwenzake atangulie kwake. Kisha wakaachana hapo, kila mtu na upande wake. Mtaa ulicheka wiki nzima. Mume wangu alivua nguo zilizolowa, akaketi, na alipoulizwa kama ameshinda alisema, "Tumeachana njiani."

Hawakugombana. Nasisitiza hilo, kwa sababu watu walisema waligombana. Walisalimiana kanisani, walichangiana harusi, Mpima alimsimamia Nyangeta siku ya kipaimara. Lakini meza ilifunikwa shuka, na Jumamosi zikawa siku kama nyingine. Karani alijaribu kuwapatanisha. Mume wangu alisema yuko tayari mara tu rula itakapoletwa. Mpima alisema hana rula ya kuleta.

Mume wangu aliugua figo mwaka 1992. Mpima alikuja kila Jumapili baada ya misa, akaketi kando ya kitanda. Alileta maziwa, alileta betri za redio, alimgeuza mgonjwa upande kwa mikono yake mwenyewe nilipokuwa nimechoka. Walizungumza habari za ziwa, jinsi furu walivyokwisha na sangara kutawala, na watu wazima hawa wawili walihuzunikia visamaki vile kana kwamba ni ndugu. Mchezo hawakuutaja, ila siku moja tu.

"Mpima, ile kamba unayo?"

"Ninayo."

"Imekauka?"

Mpima aliangalia dirishani. "Hewa ya Musoma unaijua, bwana. Ina unyevu."

Mume wangu alicheka hadi akakohoa, na Mpima akamshikia kikombe. Alipokwisha kuondoka, mume wangu aliniambia, "Mama Nyangeta, nina mtu wangu sijamfikisha."

Alifariki tarehe 9 Septemba 1993, tukamzika kwao Bukima. Mpima alitangulia siku moja. Vijana walipoanza kuchimba aliwasimamisha, akapiga vigingi, akavuta futi ya chuma, akaning'iniza timazi yake kila pembe. Hakuna aliyemwambia kaburi halihitaji hayo. Hakulia mbele za watu. Alipomaliza alijipangusa mikono, akanitazama kama mwenye neno, na neno lenyewe likarudi ndani.

Nilimkasirikia, sifichi. Niliona kwamba alikuwa na mwaka mzima wa Jumapili, na alichohitaji kusema hakikujaza kiganja.

Jumatano tarehe 18 Januari 1995, saa kumi za jioni, alibisha hodi kwangu. Alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa kazini, na Ijumaa ile alikuwa anahamia Buswahili, upande wa Butiama, kwenye shamba lake. Alikuwa amekonda, kofia imemzidi. Nilimkaribisha. Aliingia, akapokea kiti, lakini macho yake hayakutembea popote. Yalikaa mikononi mwake, na mikononi alikuwa na ile kamba.

"Shemeji, habari za tangu siku ile?"

"Nzuri. Na nyumbani?"

"Wanafunga mizigo. Mlango nimeutia katika mkokoteni, utakuwa mlango kweli sasa. Kule nyumba haina."

Nilikwenda kuweka chai. Niliporudi alikuwa ameinyoosha kamba juu ya meza yangu ya chakula na kando yake ameweka rula ya chuma.

"Ni kavu leo," alisema. "Tazama. Mafundo mawili. Lori lake lilikuwa limefika."

Niliigusa ile kamba.

"Nilijua jioni ile ile, shemeji. Sikuhitaji rula. Mpima wa mwaka wa kwanza anajua katani ikilowa inafanya nini. Nilijua tulipokuwa njiani. Kila tulipofika mlangoni kwake nilisema, sasa nitamwambia. Halafu nawaza atakavyomwambia Karani, na Karani atakavyonicheka. Na pale kitandani aliniuliza. Alinifungulia mlango kabisa, nami nikamjibu habari za hewa."

"Alicheka siku ile," nilimwambia. "Hakukasirika."

"Najua. Ndiyo maana sikulala."

Aliikunja kamba, akaisukuma upande wangu. Kisha akainuka, akavaa kofia, akasimama wima katikati ya sebule kama mtu anayesubiri kitu, nami kwa muda sikuelewa anasubiri nini.

"Nimeshindwa," Mpima alisema. "Nisindikize."

Nilifunga khanga yangu vizuri, nikavaa viatu vya kanisani, tukatoka. Mtaani watu walituangalia, mjane na mzee aliyepunguzwa kazi, tunatembea bega kwa bega bila mzigo. Sikuutaja mchezo, maana ni marufuku. Tulitembea kimya hadi karibu na soko, naye akipumua kwa pua. Tulipofika kwenye njia panda alipunguza mwendo. Nikasubiri. Kisha akavuka.

"Ukuta ule wa jikoni," alisema. "Mliunyoosha?"

"Fundi alikuja mwaka jana akataka kuubomoa. Nilimkatalia."

"Ulimwambiaje?"

"Nilimwambia umepinda kwa nje. Ndani tunaishi vizuri."

Aliitikia kwa kichwa mara nyingi, tukaendelea hadi Iringo. Uani mkewe alikuwa akifunga masufuria katika shuka, ile iliyokuwa ikiifunika meza. Alituona, akaacha kazi yake, akasimama. Mpima alipanda ngazi, akashika fremu ya mlango kwa mkono mmoja, akanigeukia na kuvua kofia.

"Umenifikisha," alisema.

Alikuwa anahama keshokutwa, na mimi nilijua.

"Jumamosi," nilimjibu.